Dakika 53 ambazo hakuna aliyezisubiri: uchambuzi wa kisa kuhusu umbo la data

Usuli

Kisa hiki kinatoka katika idara ya wagonjwa wa nje ya kituo kimoja cha afya. Jina la kituo, mahali kilipo, tarehe na vyeo vya wahusika vimeondolewa. Data nayo imebadilishwa: thamani 40 zitakazoonekana hapa chini nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, na umbo lake linafuata lile la data halisi, ili msomaji aweze kushika kalamu na kukokotoa mwenyewe.

Malalamiko yalikuwa yaleyale ya kila siku: wagonjwa wanakaa mno kabla ya kumwona daktari. Uongozi ukamwagiza mtunza kumbukumbu apime muda wa kusubiri, kuanzia mgonjwa anapoandikishwa mapokezi hadi anapoingia chumba cha daktari. Akapima, akaandika taarifa ya ukurasa mmoja. Mimi niliombwa kuipitia kabla haijafika kwenye kikao cha bajeti, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na pendekezo la kuajiri karani wa pili wa mapokezi.

Taarifa ya kwanza

Sentensi iliyobeba taarifa nzima ilikuwa hii: mgonjwa wa kawaida husubiri dakika 53, na mkengeuko sanifu ni dakika 49. Hiyo 53 ni wastani, na mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani huo. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilirudia kukokotoa nikapata jibu lilelile.

Hata hivyo, namba hizo mbili peke yake zilitosha kuonyesha kwamba kuna jambo. Muda wa kusubiri hauwezi kushuka chini ya sifuri. Ukitoa 49 kwenye 53 unabaki na 4; ukitoa 49 ya pili umeshafika chini ya hasi 40. Msomaji anayepewa wastani na mkengeuko sanifu bila maelezo mengine huchora kengele kichwani: kilima kimoja, pande mbili zinazolingana, watu wengi wakiwa wamejazana karibu na kilele. Kengele yenye vipimo hivyo ingemweka karibu mgonjwa mmoja kati ya saba kwenye muda hasi, yaani amemwona daktari kabla hajaandikishwa. Kwa kipimo chochote kisichoweza kuwa hasi, mkengeuko sanifu ukikaribia kulingana na wastani, umbo si kengele. Hilo unaweza kuling'amua bila kuiona data.

Umbo lenyewe ni lipi, hapo ndipo inabidi uione. Niliomba orodha kamili.

Picha mbili zilizoficha

Mtunza kumbukumbu alikuwa amechora histogramu, yaani mchoro wa nguzo unaoonyesha wagonjwa wangapi wameangukia kila kipande cha muda, ila hakuiambatanisha. Nguzo zake zilikuwa na upana wa dakika 60 kila moja. Nguzo ya kwanza, dakika 0 hadi 59, ilikuwa na wagonjwa 26. Ya pili 11. Ya tatu 2. Ya nne haikuwa na mtu. Ya tano mmoja. Ni ngazi inayoshuka kuelekea kulia. Ukiitazama hiyo utasema, na yeye alisema, kwamba mgawanyo una kilele kimoja upande wa kushoto na mkia mrefu upande wa kulia.

Maelezo hayo yaliungwa mkono na mediani. Mediani, yaani thamani iliyo katikati baada ya data kupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, ilikuwa dakika 30, wakati wastani ni 53. Mkia mrefu wa kulia huuvuta wastani kuelekea huko na kuiacha mediani nyuma, kwa hiyo kila kitu kilionekana kupatana. Tulipokutana mara ya kwanza, pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kubadilisha neno moja tu kwenye taarifa: iandikwe mediani badala ya wastani, kisha mambo yaishe.

Tukachora na mchoro wa kisanduku. Robo ya kwanza, yaani thamani inayotenga robo ya chini ya wagonjwa, ilikuwa dakika 20; robo ya tatu, inayotenga robo ya juu, dakika 90; mstari wa mediani kwenye 30, na nukta moja mbali kwenye 240. Kisanduku kilianzia 20 hadi 90 bila kukatika, kikiwa kimejaa rangi. Nawasihi wanaoanza kujifunza wautazame mchoro huu kwa makini, kwa sababu unaaminika sana kuliko unavyostahili. Kisanduku hujengwa kwa namba tano tu. Hakina namna ya kusema kama ndani yake kuna watu au hakuna.

Shina na majani

Kwa data ya watu 40, chombo ninachokipenda kuliko vyote ni mchoro wa shina na majani, ambao mwanatakwimu John Tukey aliueneza katika miaka ya 1970. Hauhitaji programu yoyote. Makumi yanakaa kushoto, mamoja kulia, na hakuna thamani inayopotea. Tuliuchora kwa mkono kwenye karatasi tukiwa watatu:

0 | 5 8
1 | 0 0 2 5 5 5 8
2 | 0 0 0 0 2 5 5 5 8
3 | 0 0 0 5 5
4 | 0 0 5
5 |
6 |
7 | 5
8 | 0 5
9 | 0 0 5
10 | 0 0 5
11 | 0 0
12 | 0
13 | 5
14 hadi 23 | hakuna
24 | 0

Mambo matatu yalijitokeza papo hapo, na kila moja lilituelekeza njia yake.

La kwanza na kubwa: kuna vilima viwili. Kimoja kina kilele kwenye dakika ishirini na kitu, kingine kwenye dakika tisini hadi mia na kitu, na katikati kuna bonde tupu. Baada ya dakika 45, mtu anayefuata ni wa dakika 75. Wastani wa dakika 53 uliangukia ndani ya bonde hilo. Yule "mgonjwa wa kawaida" wa taarifa ya kwanza hayumo kwenye orodha. Hakuna hata mmoja aliyekaribia kusubiri muda huo. Mediani ya 30 ilikuwa na afadhali kwa kuwa iko kwenye watu, lakini nayo iliwanyamazia kabisa wagonjwa 14 wa kilima cha pili. Kubadilisha wastani kwa mediani kusingeponya kitu.

La pili: tazama majani yenyewe. Sifuri na tano zimetawala. Thamani 35 kati ya 40 zinaishia na 0 au 5. Dakika zingekuwa zimesomwa kwa usahihi, tungetarajia takriban moja ya tano, yaani kama 8 hivi. Waandikaji walikuwa wanakadiria saa ya ukutani. Wanaofanya kazi na data za sensa wanalijua vizuri jambo hili: umri unaoishia na 0 au 5 hurundikana, kwa sababu watu wengi hutaja umri wa kukadiria.

La tatu ni yule wa dakika 240.

Uamuzi kuhusu dakika 240

Daktari mmoja kwenye kikao alitaka tuiondoe thamani hiyo mara moja. Hoja yake haikuwa ya kijinga: mtu mmoja asiharibu picha ya watu 39. Tulitumia kanuni ya Tukey kuona kama kweli imejitenga. Umbali kati ya robo mbili ni 70. Ukiuzidisha kwa moja na nusu unapata 105. Ukiijumlisha kwenye 90 unapata 195. Mia mbili na arobaini iko nje ya mpaka huo, kwa hiyo kanuni inaitaja kuwa imejitenga.

Ila kanuni inakwambia nenda kaangalie. Haikwambii futa. Tuliamua isiguswe mpaka faili lisomwe, kwa sababu thamani iliyojitenga inaweza kuwa kosa la kuandika, inaweza kuwa mtu wa kundi jingine kabisa, na inaweza kuwa kweli tupu. Faili lilipotafutwa ilionekana kwamba sampuli ya kwanza ya damu ya mgonjwa huyo iliganda, akaitwa kutolewa nyingine. Alisubiri saa nne kweli. Tukaibakiza, na tukaamua kuitaja kwa sentensi yake yenyewe badala ya kuiacha ijifiche ndani ya wastani.

Kutafuta sababu ya vilima viwili

Vilima viwili mara nyingi ni alama kwamba makundi mawili yamechanganywa kwenye orodha moja. Swali likawa: makundi gani? Hapa lazima mtu awe mwangalifu, kwa kuwa ukishaona vilima unaweza kujaribu kila safu ya daftari mpaka upate moja inayovigawa, na kwa watu 40 tu bahati inaweza kukudanganya. Tulikubaliana kutaja mapema safu mbili tu ambazo zina sababu ya kueleweka: wakati wa siku, na kama mgonjwa alipaswa kupata majibu ya maabara kabla ya kumwona daktari.

Wakati wa siku haukueleza chochote. Asubuhi ilikuwa na vilima vyote viwili, alasiri vivyo hivyo. Maabara ilieleza kila kitu. Wagonjwa wote 26 wa kilima cha kwanza waliingia moja kwa moja kwa daktari. Wote 14 wa kilima cha pili walikuwa wagonjwa wa marudio waliokuja na agizo la kipimo kutoka ziara iliyotangulia.

Katika kuwaeleza wakuu wa idara nilitumia data maarufu ya Old Faithful, chemchemi ya maji moto inayoruka katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Katika data hiyo ya zamani, muda kati ya mruko na mruko nao ulikuwa na vilima viwili, kimoja karibu na dakika 55 na kingine karibu na 80. Mgeni wa wakati huo angeambiwa wastani tu, dakika 71 hivi, angepanga safari yake kwa muda ambao chemchemi haikuupendelea. Na huko nako sababu ipo: mruko mfupi hufuatwa na ngojea fupi, mrefu hufuatwa na ndefu. Walielewa mara moja, na kutoka hapo mjadala ukahama. Hakuna aliyezungumzia tena mapokezi. Wote walikuwa wanauliza kuhusu maabara.

Maelezo yaliyoandikwa upya

Aya iliyochukua nafasi ya ile sentensi moja ilisomeka hivi:

"Muda wa kusubiri wa wagonjwa 40 una vilima viwili vilivyotenganishwa na pengo kati ya dakika 45 na 75, kwa hiyo hauelezwi kwa namba moja. Wagonjwa 26 wasiohitaji maabara walisubiri kati ya dakika 5 na 45. Mediani ni 21, na nusu yao ya katikati walikuwa kati ya 15 na 30. Umbo lao ni kilima kimoja kinachokaribia kulingana pande zote. Wagonjwa 14 waliosubiri majibu ya maabara walikuwa na mediani ya dakika 100, nusu yao ya katikati wakiwa kati ya 90 na 110. Mmoja wao alisubiri dakika 240 kwa sababu sampuli ilirudiwa. Bila yeye mediani ya kundi haibadiliki, lakini wastani hushuka kutoka 110 hadi 100. Muda mwingi umekadiriwa kwa dakika tano tano."

Aya hiyo inataja umbo kwanza, na hilo lilikuwa la makusudi. Umbo ndilo linaloamua ni namba gani ya katikati itakayokuwa na maana, na kama kuna katikati moja hata kidogo. Ndani ya kundi la kwanza wastani ni 23 na mediani 21. Zimekaribiana, na yeyote kati yao angefaa. Kwenye kundi la pili thamani moja ilitosha kuutikisa wastani kwa dakika 10, kwa hiyo mediani ndiyo iliyopewa nafasi. Kwa jumla ya wote 40 hatukutoa wastani kabisa. Mtunza kumbukumbu aliogopa kwamba wakuu watauliza "sasa jumla ni ngapi?" Waliuliza kweli. Alijibu kwa kuwaonyesha pengo kwenye mchoro, wakaridhika.

Matokeo

Pendekezo la karani wa pili liliondolewa. Kwa wagonjwa 26 waliopita mapokezi na kwenda moja kwa moja kwa daktari, hata aliyekaa zaidi hakuzidi dakika 45. Karani mwingine asingegusa kilima cha pili. Uchunguzi ulihamia maabara, ikaonekana kwamba sampuli zilikuwa zinapelekwa kwa mafungu na majibu yakirudi kwa mafungu vilevile, na mgonjwa akingoja mara mbili bila kazi yoyote kufanyika juu ya sampuli yake. Utaratibu ukabadilishwa: sampuli zikaanza kupelekwa mara tu zinapotoka.

Kipimo cha pili kilichukuliwa baada ya utaratibu mpya kuzoeleka. Kilima cha maabara kilikuwa kimesogea kushoto hadi karibu na dakika 55. Kilima cha kwanza hakikusogea, kama ilivyotarajiwa.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kubadilisha upana wa nguzo kabla ya kuandika neno lolote kuhusu umbo. Kwa dakika 60 tuliona ngazi. Kwa dakika 20 tungepata 9, 14, 3, 1, 5, 5, 2, halafu mmoja mbali kule, na bonde linaonekana wazi. Kwa dakika 2 tungepata kitana: meno kila penye 0 na 5, na mtu mwenye haraka angeandika kwamba data ina vilele vingi, wakati vilele hivyo ni vya waandikaji wa saa. Hakuna upana ulio sahihi kwa kila data. Sifa ya umbo inayobaki pale unapobadilisha upana kwa kiasi ndiyo ya kuamini. Inayokuja na kutoweka, iandike kwa penseli. Programu nyingi huchagua upana zenyewe, na mchoraji huupokea bila kuuhoji.

Kilichoshindikana kwanza ni suluhisho letu kwa tatizo la kukadiria kwa dakika tano tano. Tuliwaomba waandikaji waandike saa ya kuandikishwa na saa ya kuingia kwa daktari badala ya kuandika muda, tukidhani kompyuta itatoa tofauti halisi. Waliendelea kukadiria saa zote mbili kwa tano, na tofauti ya vizidishe viwili vya tano ni kizidishe cha tano. Ilibidi mfumo ugonge saa wenyewe.

Jambo la pili linahitaji kukaa nalo zaidi. Kipimo cha baadaye kilionekana, kwa jumla, kuwa na kilima kimoja chenye mkia wa kulia. Bonde lilikuwa limetoweka. Mkuu mmoja alifurahi: sasa wagonjwa ni kundi moja. Hawakuwa kundi moja. Makundi yalikuwa bado mawili, ila vilima vimesogeleana mpaka vikamezana. Hesabu inalithibitisha: ukichanganya kengele mbili zenye ukubwa sawa na mkengeuko sanifu sawa, vilele viwili havionekani mpaka vitovu vyake viachane kwa zaidi ya mikengeuko sanifu miwili. Chini ya hapo unaona kilima kimoja tu, kipana.

Fundisho hilo lina historia ndefu. Mwaka 1893 mwanazoolojia W. F. R. Weldon alichapisha vipimo vya kaa jike 1000 kutoka Naples, Italia. Karibu kila kipimo cha mwili kilifuata kengele, isipokuwa upana wa paji: mchoro wake ulikuwa na kilele kimoja lakini umelalia upande mmoja. Mwaka 1894 mwanatakwimu Karl Pearson aliuchukua mchoro huo akauchanganua kuwa jumla ya kengele mbili, kwa hesabu iliyomlazimu kutatua mlinganyo wa digrii ya tisa. Bonde halikuwepo la kumwongoza. Kulalia upande ndiko kulikompa shaka. Basi vilima viwili vinatosha kukufanya utafute makundi, lakini kilima kimoja hakikuruhusu kusema makundi hayapo. Kwa kituo chetu maana yake ilikuwa ya vitendo: taarifa za kila mwezi ziendelee kutenganisha wa maabara na wasio wa maabara, hata kama mchoro wa jumla unaonekana mtulivu.

Upungufu wa tatu haukuonekana kwenye mchoro wowote, kwa kuwa haukuwemo kwenye data. Orodha ilikuwa na watu waliomwona daktari tu. Walioandikishwa, wakachoka, wakaondoka, hawakuwa na saa ya kuingia chumbani, kwa hiyo mstari wao ulifutwa kama usiokamilika. Hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye mkia wa kulia. Mkia tulioueleza ulikuwa umekatwa kabla hatujaanza.

Fomu sasa ina safu ya saa ya kuondoka bila kuhudumiwa. Mgonjwa wa maabara aliyeondoka baada ya dakika 130 hatujui angesubiri hadi lini, ila tunajua ni zaidi ya 130, na hilo linatosha kumweka upande wa juu wa mediani ya kundi lake. Mediani haihitaji kujua zaidi. Wastani ungehitaji, na hatuna cha kuupa. Wanaosumbua ni walioondoka mapema, baada ya dakika kumi au ishirini, kwa sababu hao wangeweza kuangukia upande wowote. Kwa sasa wanahesabiwa peke yao na idadi yao inaandikwa chini ya kila mchoro.